Ufa juu, mchanga chini: kisa cha lambo moja la Nachingwea

Jumuiya ya watumia maji ilikuja na ombi moja: iruhusiwe kuinua utoro wa bwawa lake, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi, kwa sentimita 60, kwa viroba vya mchanga mwaka huo na zege mwaka unaofuata, ili maji ya mvua za Desemba hadi Aprili yawafikishe Oktoba badala ya kuwakatikia Agosti. Mwishoni mwa barua, kama jambo lililokumbukwa bahasha ikiwa karibu kufungwa, kulikuwa na sentensi nyingine: tangu lile tetemeko kuna ufa juu ya tuta, akina mama wanaolima chini wameanza kuogopa, basi injinia akija autazame na huo.

Kijiji sitakitaja. Kiko wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi, kwenye kijito kinachoteremka kuelekea bonde la Lukuledi. Wazee wanasema tuta lilisukumwa na matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza, miaka ya mwisho ya 1940 au mwanzoni mwa 1950. Michoro haipo, na anayekumbuka jinsi msingi ulivyochimbwa hayupo. Lina kimo cha mita 9 pale lilipo refu zaidi kwenda juu, urefu wa mita 210, na mgongo wa mita tatu na nusu ambao bodaboda na ng'ombe wameufanya barabara. Chini yake kuna mpunga, bustani za mboga, kaya kadhaa na njia ya watoto wa shule.

Kwa vipimo vya kimataifa hili ni bwawa dogo. Mabwawa makubwa huanza kuhesabiwa kwenye kimo cha mita 15. Udogo huo usimpe mtu usingizi. Bwawa la Fujinuma huko Fukushima, Japani, lilikuwa tuta la udongo la mita 18.5, lililokamilika mwaka 1949 kwa ajili ya umwagiliaji tu. Tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 lililibomoa, na maji yake yakachukua maisha ya watu wanane. Siku hiyo dunia ilikuwa inatazama tsunami.

Nianze na ufa, ingawa haukuwa tatizo.

Tetemeko lililotajwa kwenye barua lilipiga usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, baharini upande wa Mafia, ukubwa wa 6 hivi. Dar es Salaam watu walitoka nje ya majengo. Nachingwea iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Kijijini wapo walioapa kwamba kitanda kilitikisika, na wapo waliosema hawakusikia chochote. Kwa umbali huo, mtikisiko unaofika ni mdogo mno kulipasua tuta lililokaa miaka 70.

Lakini huwezi kumwambia mtu anayelala chini ya bwawa kwamba "haiwezekani" ukaondoka. Tulikoroga chokaa na maji mengi, tukaimimina ndani ya ufa mpaka ikagoma kushuka, tukaiacha ilale. Kesho yake tukachimba shimo la kuukata ufa kwa kukingama. Chokaa ilikuwa imeuchora wote, mweupe ndani ya mfinyanzi mweusi: sentimita mbili juu, ukipungua taratibu, na kwenye kina cha sentimita 70 mstari ukaisha. Chini ya hapo udongo ulikuwa mzima. Ndani ya ufa kulikuwa na vumbi lililoshindiliwa na nyuzi za mizizi zilizovuka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, nyingine zimekwisha kufa na kukauka. Mizizi haioti na kufa ndani ya wiki chache. Mfinyanzi huu hujikunja kila kiangazi na kufunga kila masika. Ufa ulikuwepo siku zote. Tetemeko liliwafanya watu wautazame.

Ungekuwa umekwenda kwa kukingama, kutoka upande wa maji hadi upande wa nje, hasa karibu na mahali tuta linapoungana na kilima, ningesema mlango wa chini wa kutolea maji ufunguliwe kabla hata ya chokaa. Ufa wa namna hiyo ni njia ya maji. Huu ulifuata urefu wa tuta. Tiba yake ni kuuchimbua, kuujaza udongo ule ule wenye unyevu kwa matabaka membamba, na kushindilia. Nashukuru hakuna aliyekuwa amekwisha kumwagia saruji. Saruji haijikunji pamoja na udongo. Huacha nyufa mbili pembeni yake.

Shimo lililobadilisha kazi yote lilichimbwa kwingine. Kwenye mguu wa tuta, upande wa nje, kulikuwa na kipande cha kama mita 25 chenye matete mabichi katikati ya Septemba, wakati kila kitu kingine kilikuwa kahawia. Wenyeji walikuwa wanakipenda: ndipo mbuzi wanapopata majani. Vijana wawili walichimba pale kwa sepetu. Kwenye nusu mita maji yakatokea. Chini yake kulikuwa na mchanga msafi wa mtoni, umelegea kiasi kwamba kuta za shimo zilikuwa zinaporomoka kabla koleo halijarudi. Hapo ndipo kijito kilipopita kabla ya bwawa kuwepo. Aliyejenga alisukuma udongo juu yake bila kuuondoa mchanga. Sehemu nyingine zote tulizopima, tuta limekaa juu ya mfinyanzi mgumu na mwamba uliooza, na sina shaka nazo.

Kwa nini mchanga ule unatisha kuliko ufa? Punje za mchanga uliolegea zimeegemeana kwa shida. Zikitikiswa, zinataka kujipanga upya na kukaa karibu zaidi. Kama maji yaliyo katikati yake yana pa kutokea, hakuna neno, ardhi inashuka kidogo tu. Kama nafasi zote zimejaa maji na maji hayana muda wa kutoka, basi uzito uliokuwa unabebwa na punje unahamia kwenye maji. Mchanga unakuwa uji kwa sekunde kadhaa au dakika kadhaa, na tuta la mita 9 linabaki limesimama juu ya uji.

Mfano ambao kila mwanafunzi wa mabwawa anasomeshwa ni Lower San Fernando, California. Tarehe 9 Februari 1971 tetemeko la ukubwa wa 6.6 lilipiga, na upande wa ndani wa tuta, ule wa maji, ukaporomoka pamoja na mgongo wake. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba mporomoko ulikuja baada ya mtikisiko mkubwa kuisha: nguvu ya udongo ilikuwa imekwisha kupotea, na uzito wa tuta lenyewe ndio uliolisukuma. Watu 80,000 hivi walihamishwa. Hawakuzama kwa sababu moja: asubuhi hiyo maji yalikuwa takriban mita 11 chini ya kilele. Baada ya mporomoko, kati ya maji na ncha ya kile kilichobaki ilikuwa mita moja na nusu tu. Nafasi hiyo kati ya maji na kilele nitairudia mbele, kwa sababu ndiyo iliyoamua ombi la jumuiya.

Sasa, mtikisiko gani tuupimie? Hapa ndipo wengi wetu hujificha nyuma ya ramani. Kusini hatuko kama Rukwa, ambako mwaka 1910 kulipiga tetemeko la ukubwa wa 7.4. Lakini mashariki yetu, chini ya bahari, kuna Mgongo wa Davie, ambako mwaka 1985 kulitokea tetemeko la kupita 6. Magharibi kuna bonde la ufa la Ziwa Nyasa. Na kusini, ndani ya Msumbiji, Februari 2006 Machaze walipata tetemeko la ukubwa wa 7.0 mahali ambapo watu hawakulitarajia kabisa; ardhi ilipasuka hadi juu, na mchanga ukabubujika na maji. Baada ya Machaze, mtu akiniambia eneo fulani "halina matetemeko" namwuliza anahesabu tangu lini.

Tuliamua kujaribia mtikisiko wa 0.10 g, yaani sehemu ya kumi ya mvuto wa dunia, kutoka kwa tetemeko la 6.5. Huo si utabiri. Ni kipimo kikali kiasi kwa bwawa lenye watu chini yake, na kwa kulinganisha tukajaribu pia 0.06.

Kwanza mwili wa tuta. Hapa sikai sana. Ukipunguza nguvu ya udongo kwa asilimia 20 na kulisukuma tuta kwa nusu ya mtikisiko uliochaguliwa, kama Hynes-Griffin na Franklin walivyopendekeza mwaka 1984, mteremko unasimama. Ukitumia uhusiano wa Swaisgood, aliyekusanya kumbukumbu za matuta yaliyowahi kutikiswa, mgongo unatarajiwa kushuka milimita tatu au nne. Ng'ombe wameushusha zaidi ya hapo. Hesabu hizi mbili, hata hivyo, zina sharti moja: msingi usipoteze nguvu. Mtu akikuletea ripoti yenye hesabu hizi tu, mwulize nani alichimba chini ya mguu wa tuta.

Kwa mchanga tulileta mtambo mdogo wa SPT, kipimo cha ugumu wa udongo kwa kugonga. Nyundo ya kilo 63.5 inaachiwa kutoka sentimita 76, na unahesabu mapigo yanayohitajika kuzamisha bomba sentimita 30. Nje ya mkondo wa zamani tulipata mapigo 20 na kuendelea. Ndani yake, kati ya mita 2 na 5, tulipata 5, 7, 7, 8. Kwenye mita ya tatu bomba lilizama kidogo kwa uzito wa nyundo peke yake, fundi akanitazama bila kusema neno.

Hesabu ninaiweka hapa wazi maana ndiyo moyo wa kisa, na haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu. Njia ni ile ya Seed na Idriss ya mwaka 1971, pamoja na marekebisho yaliyofuata. Kwenye kina cha mita 4 uzito wa udongo wote ulio juu ni kilopaskali 75 hivi. Maji yakiwa nusu mita kutoka juu, maji yanabeba 34 na mchanga unabaki kukandamizwa kwa 41 tu. Gawanya 75 kwa 41: 1.83. Zidisha kwa 0.65 ya kanuni, kwa 0.10 ya mtikisiko, na kwa 0.97 ya kina. Unapata 0.115, huo ndio msukosuko. Upande wa uwezo, mapigo 7 ya shambani yakisahihishwa kwa kina, kwa nguvu inayopotea kwenye nyundo ya kamba na kwa ufupi wa fito, yanabaki 6. Mchanga msafi wa mapigo 6 unavumilia 0.08 katika tetemeko la 7.5. Kwa 6.5, ambalo hutikisa kwa muda mfupi zaidi, zidisha kwa 1.44: 0.115.

Uwezo 0.115, msukosuko 0.115. Sawa kwa sawa. Uwiano, yaani uwezo ukigawanywa kwa msukosuko, ni 1.0. Kwa mtikisiko wa 0.06 unapanda hadi karibu 1.7, kwa hiyo tetemeko dogo la kawaida bwawa lingelivumilia. Kwa lile kali, hakuna mtu mwenye akili timamu anayeisoma 1.0 kama ushindi.

Mwenyekiti wa jumuiya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Injinia, tetemeko lenyewe limeshapita. Sisi tunadaiwa na mpunga."

"Mzee wangu," nikamwambia, "ndiyo maana sikuja kulifunga bwawa. Nipe mtaro mmoja na kiangazi kimoja."

Itazame tena ile hesabu. Mchanga hatuwezi kuubadilisha bila kubomoa tuta. Tetemeko hatulipangi. Kitu pekee kilicho mikononi mwetu ni lile 34, mzigo unaobebwa na maji. Maji yakishushwa kutoka nusu mita hadi mita mbili na nusu, msukosuko unashuka hadi 0.079 na uwiano unapanda karibu na 1.45. Bila tani hata moja ya udongo mpya.

Kwa hiyo mtaro wa kukaushia mguu wa tuta, sambamba na tuta, ukitoa maji kwenye mkondo wa zamani huko chini ambako ardhi inateremka yenyewe. Ulichimbwa Novemba, bwawa likiwa chini kabisa, kwa vipande vya mita tatu tatu vyenye mbao za kuzuia kuta. Kufukua mguu wa tuta lote kwa mpigo mmoja juu ya mchanga uliolegea ni kufanya kwa koleo kile unachoogopa tetemeko lifanye. Ndani yake yanaingia matabaka: mchanga mkavu wa punje kubwa, kisha kokoto, kisha bomba lenye matundu. Tabaka la kwanza ndilo lenye ugomvi. Punje zake zikiwa kubwa mno, mchanga wa msingi unapenya na kutoka taratibu pamoja na maji mpaka tuta linabaki na pango chini; zikiwa ndogo mno, maji hayapiti. Kanuni ya zamani ya Terzaghi bado inafaa: ile saizi ambayo asilimia 15 ya chujio ni ndogo kuliko yenyewe isizidi mara nne au tano ya saizi ambayo asilimia 85 ya mchanga wa msingi ni ndogo kuliko yenyewe. Mchanga wa kwanza ulioletwa na lori ulikataliwa kwa nyungo mbili za kuchekechea na mizani ya dukani. Dereva hakufurahi.

Mikorosho ilileta kazi kuliko mchanga. Kulikuwa na miti kadhaa upande wa nje wa tuta, mikubwa, yenye mwenyewe, na huku kusini mkorosho una mwenyewe hata kama ardhi si yake. Mizizi inayokufa huacha mirija ndani ya tuta, na kichuguu kilichokuwa chini ya mmoja wao kilishaanza kazi hiyo. Vikao vilikuwa virefu. Mwisho jumuiya ilikubali kumlipa fidia baada ya mnada, pesa za korosho zikishaingia, na mashimo ya mizizi yakachimbuliwa na kushindiliwa moja moja.

Upande wa ndani, ule wa maji, mtaro hausaidii. Mkondo wa zamani unapita chini ya tuta lote, na mchanga ulio chini ya mteremko wa ndani utabaki umelowa maadamu bwawa lina maji. Kule San Fernando ni upande huo ulioondoka. Mwenzangu tuliyefanya naye kazi anataka tuta la nyongeza la mawe kule ndani, lijengwe mwaka ambao bwawa litakauka. Namwelewa. Mimi naona kwamba kwa pesa za kijiji kinga ya kwanza ni nafasi kati ya maji na mgongo wa tuta, kwa sababu upande wa ndani ukiteleza na bado kukabaki udongo juu ya usawa wa maji, watu wa chini wanaamka. Januari 2001 tetemeko la Bhuj huko Gujarat, India, liliharibu mabwawa mengi ya udongo yaliyokaa juu ya mchanga wa mito, matuta yakapasuka na kuteleza, lakini mengi yalikuwa na maji kidogo na mafuriko hayakutokea. Ukame ndio uliowakinga, na bwawa letu hujaa Machi na Aprili kila mwaka.

Basi turudi kwenye ombi. Tulipima mgongo wa tuta kwa leveli. Mahali palipochakaa zaidi, pale ng'ombe wanapovukia, pako mita 1.1 tu juu ya kingo ya utoro. Ukiweka viroba vya sentimita 60, inabaki nusu mita, na mvua moja kubwa ya Februari inatosha kuvusha maji juu ya tuta bila tetemeko lolote. Maji ya mguuni nayo yangepanda. Jibu lilikuwa hapana, na nililiandika hivyo. Tena si kazi ya kuamuliwa na fundi wa kijiji: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 na kanuni zake za usalama wa mabwawa zinaiweka mikononi mwa mamlaka na wataalamu wanaotambuliwa. Badala yake mgongo ulijazwa hadi ukawa sawa, mita 1.6 juu ya utoro, ng'ombe wakapewa njia nyingine. Kwa lile la maji kukatika Agosti, jumuiya ilisakafia mfereji mkuu uliokuwa unamwaga maji njiani, na waliolima mpunga wa pili wakahamia mboga.

Mabomba matatu ya kupimia maji ya ardhini yamezikwa kwenye mguu wa tuta. Machi iliyofuata, bwawa likiwa limejaa hadi utoroni, bomba la katikati lilionyesha maji mita 2.0 chini ya ardhi. Hatukufika mita mbili na nusu tulizozitaka. Uwiano umekaa karibu 1.35, nami naukubali kwa upande wa nje. Kijana wa jumuiya anasoma mabomba kila Jumatatu kwa kamba yenye uzito na mafundo, anaandika kwenye daftari pamoja na kina cha bwawa na rangi ya maji yanayotoka mtaroni. Yakitoka na mchanga, au maji ya bomba la katikati yakipanda hadi kufika mita 1.5 kutoka juu wakati kina cha bwawa hakijabadilika, au likipita tetemeko lililosikika kijijini, mlango wa chini unafunguliwa siku hiyo hiyo na kikao kinafuata baadaye. Hilo limeandikwa kwenye jalada la daftari, na mwenyekiti ametia sahihi.